Maswali mnayouliza kila siku kuhusu Jim Calhoun, yule kocha wa chuo aliyemfundisha Hasheem Thabeet

Kila mjadala wa Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA (ligi ya kulipwa ya kikapu Marekani), ukianza, hazipiti dakika tano kabla mtu hajauliza "hivi kocha wake kule chuo alikuwa nani?" alafu wanajitokeza watu kumi na majibu kumi. Mmoja atakwambia alikuwa kocha wa NBA, mwingine atasema ni mwalimu wa michezo tu, mwingine anamchanganya na yule kocha wa chuo cha Duke. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwaiyo nimeyakusanya yote hapa. Mengine nimejibu kirefu mana yana utamu wake, mengine sentensi mbili zinatosha.

Jim Calhoun ni nani hasa?

Mmarekani, kazaliwa Mei 10, 1942, kwao ni Braintree, kamji kadogo jirani na Boston, jimbo la Massachusetts. Maisha yake yote kafundisha kikapu na kwenye NBA hajawahi kuwa kocha hata siku moja. Jina lake limegandana na Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe wanakiita UConn, ambako alikaa misimu 26, kuanzia 1986 mpaka 2012, akabeba ubingwa wa taifa wa vyuo mara tatu: 1999, 2004 na 2011. Mwaka 2005 akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu pale Springfield.

Upande wa wanaume, makocha waliofikisha mataji matatu au zaidi wako sita tu: John Wooden (10), Mike Krzyzewski (5), Adolph Rupp (4), alafu Bob Knight, Roy Williams na huyu mzee wetu wenye matatu matatu. Yule wa Duke ni Krzyzewski, na amefungwa na Calhoun kwenye mechi mbili zenye uzito wa ajabu, tutafika huko.

Ubingwa wa chuo si ni kama UMISSETA tu ya wakubwa?

Hapana bana. Daraja la kwanza la vyuo vya Marekani lina vyuo zaidi ya 350. Sikuizi 68 ndo wanaingia mashindano ya mwezi wa tatu, na ukifungwa mechi moja unafungasha, hakuna marudiano wala hesabu za magoli ya ugenini. Fainali ya 2011 ilichezwa Houston kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, ndani watu zaidi ya elfu sabini, kwaiyo chukua Uwanja wa Mkapa ukijaa alafu ongeza wengine juu yake, na wote wamekuja kuangalia wanafunzi.

Ila kuna kitu kimoja ukikielewa umeelewa kazi yote ya kocha wa chuo: wachezaji hawakai. Mtu anacheza misimu minne, akizidi hapo hana ruhusa, na aliye mzuri sana anaondoka hata kabla ya hapo kwenda NBA. Kocha wa Simba au Yanga akipata mtu mzuri anaweza kumng'ang'ania hata miaka kumi. Wa chuo kila mwezi wa nne anaaga watu wake bora, alafu mwezi wa kumi anaanza upya na madogo wa miaka 18 ambao hata kukimbia wakarudi kukaba hawajui. Calhoun alifanya hivyo mara 40 kwa mpigo (na baadaye tena akaongeza, soma swali la mwisho).

Alianzia wapi? Alikuwa mtoto wa tajiri?

Wala. Baba yake alifariki ghafla kwa moyo Calhoun akiwa na miaka 15. Akamaliza sekondari, akaenda chuo cha Lowell, akakaa miezi mitatu tu akarudi nyumbani kusaidia mama na ndugu zake. Akafanya kazi za mikono kama miezi ishirini, na sio kazi za kubembea: alikata mawe ya granaiti, akachonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, akafanya kazi kwenye yadi ya chuma chakavu, kiwanda cha shampuu, na kuchimba makaburi pia alichimba. Baadaye ndo akapata nafasi ya kwenda chuo kidogo kinaitwa American International College, kipo hukohuko Springfield ambako kikapu kilibuniwa mwaka 1891, akacheza pale mpaka akamaliza masomo.

Mimi nikiona watu wanashangaa kwa nini alikuwa anafokea vijana wakichelewa mazoezi dakika mbili, nawaambia rudi usome hiyo aya hapo juu.

Lazima uwe umecheza NBA ndo uwe kocha mkubwa?

Yeye hakucheza. Alianza kwa kufundisha timu za sekondari: Old Lyme kule Connecticut, kisha Westport, kisha Dedham, zote shule za kawaida. Kutoka hapo Dedham ndo chuo cha Northeastern cha Boston kikamchukua mwaka 1972, akiwa na miaka 30. Alitoka kocha wa sekondari akawa kocha mkuu wa chuo moja kwa moja. Sikuizi hiyo njia karibu imekufa, watu wanaanza kama wasaidizi, wanabeba mafaili na kukata video miaka kumi kabla hawajapewa timu.

Kwa nini alikaa Northeastern miaka 14? Hakuwa na tamaa?

Hili swali nalipenda mana wengi wanadhani maisha yake yalianza 1986. Northeastern haikuwa timu kubwa, Boston ni mji wa Celtics (timu ya NBA), wa besiboli na hoki, chuo hicho kikapu chake nani alikuwa anakiangalia. Alipofika walikuwa daraja la pili, yeye ndo alikuwa nao walipopanda daraja la kwanza. Akashinda mechi 250 na kupoteza 137, akawapeleka mashindano ya taifa mara tano. Alafu hapohapo alimpata kijana wa Baltimore anaitwa Reggie Lewis, ambaye baadaye Celtics walimchukua mwaka 1987 na akaja kuwa nahodha wao kabla ya kufariki mwaka 1993 akiwa bado mbichi kabisa.

Mechi 250 kwenye ukumbi ambao nusu ya viti viko wazi. Kazi ya Connecticut ilivyotokea mtu alikuwa ameshaivaa, ana miaka 44, sio kijana anayejaribu bahati.

UConn ilikuwaje alipoikuta?

Mbovu. Chuo kiko Storrs, kijijini kabisa, zamani kilikuwa chuo cha kilimo na mpaka leo kina ng'ombe wake. Na walikuwa kwenye ligi ya Big East, iliyoanzishwa 1979, pamoja na akina Georgetown alikotokea Patrick Ewing, St. John's, Syracuse na Villanova, yani majitu matupu, wao wakiburuta mkia. Sasa mwambie kijana wa New York mwenye ofa sita aache zote aje kuishi kwenye mashamba ya ng'ombe.

Msimu wa kwanza wa Calhoun: kushinda 9, kufungwa 19. Katikati ya msimu wachezaji wawili muhimu wakasimamishwa kwa sababu ya masomo. Kwa Bongo hapa angefukuzwa kabla ya Krismasi na mashabiki wangekuwa wameshachoma jezi. Walimwacha. Mwaka uliofuata, 1988, akachukua NIT, hilo ni kombe la wale waliokosa nafasi kwenye mashindano makubwa, akimfunga Ohio State fainali New York. Wakubwa wanalidharau lile kombe ila kwa watu wa Connecticut ilikuwa kama wameokotewa dhahabu.

Mwaka 1990 kulitokea nini? Naona wazee wa kule wanausema sana

Huo ndo mwaka mtamu na mchungu kwa pamoja. Msimu wa kushinda 31 na kufungwa 6, ubingwa wa Big East wa kwanza, ukumbi mpya wa Gampel umefunguliwa Januari hiyohiyo. Wana mchezaji kutoka Israel, Nadav Henefeld, anaiba mipira kama mwizi wa Kariakoo. Wakakutana na Clemson kwenye mashindano ya taifa, wako nyuma pointi moja, imebaki sekunde moja. Sekunde moja! Scott Burrell akarusha mpira kutoka chini ya goli lao mpaka ng'ambo, Tate George akadaka, akageuka, akatupa, ukaingia. 71-70.

Siku mbili baadaye, mechi ya kuingia nne bora, Duke wakawafanyia dawa ileile. Muda wa nyongeza, Christian Laettner akatupa mwishoni kabisa, 79-78, kwisha habari. Yani ndani ya siku tatu ameonja zote mbili.

Sasa ilichukua muda gani mpaka ubingwa wa kwanza?

Miaka 13 pale UConn, na ukihesabu kuanzia Northeastern ni msimu wake wa 27 kama kocha wa chuo. Kabla ya hapo alifungwa kwenye mlango wa nne bora mara tatu: 1990, 1995 na 1998. Watu walishaanza kusema huyu ni wa kufika mlangoni tu, ndani haingii.

Machi 1999 ndo akaingia, na fainali akamkuta nani? Duke. Duke ya mwaka huo ilikuwa imefungwa mechi moja tu msimu mzima, na kila mtu alishawapa kombe. UConn wakashinda 77-74, Richard Hamilton akawasha moto, Ricky Moore akakaba kama anadai kodi, Khalid El-Amin akawa anapiga kelele uwanja mzima. Mwaka 2004 wakakutana tena na Duke, nusu fainali, wakashinda 79-78, yani matokeo yaleyale ya 1990 ila yamegeuzwa! Alafu wakawapiga Georgia Tech 82-73 kwenye fainali. Timu hiyo ilikuwa na Emeka Okafor na Ben Gordon, waliochukuliwa namba 2 na namba 3 mwaka huohuo kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Okafor wazazi wake ni Wanigeria, na alimaliza digrii ya fedha kwa miaka mitatu tu huku anacheza, sasa we unayelalamika sapu moja jitafakari.

Vyuo havina drafti, wachezaji anawapataje?

Kwa miguu na kwa simu. Hii ndo nusu ya kazi na watu hawaioni. Kocha anazunguka mashule, anakaa kwenye sebule za watu, anakunywa chai ya mama mtu, anaeleza kwa nini mwanae aje kwake na sio kwa yule mwingine aliyekuja jana. Anachotoa ni skolashipu: ada, chakula, kulala. Enzi za Calhoun hela mkononi ilikuwa marufuku kabisa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi sana, kwaiyo kocha wa sasa anasajili hata wale alionao tayari.

Calhoun alikuwa na jicho kwa watu wa aina mbili. Moja, walinzi wembamba wenye mkono wa kutupa: Ray Allen, Hamilton, Gordon. Mbili, majitu marefu ya kuzuia mipira chini ya goli. Hapo kwenye la pili ndo Bongo tukaingia.

Thabeet alifikaje kwake?

Kijana wa Dar, kapitia Makongo, kikapu kaanza amechelewa, umri wa kama miaka 15 hivi. Akapita Kenya, kisha Marekani akahangaika shule moja mpaka nyingine, akamalizia sekondari Houston. Urefu futi 7 na inchi 3. Akaingia UConn 2006.

Kila mtu alijua mtu mrefu anaweza kuzuia mpira. Kazi ilikuwa kumfundisha mtu ambaye hajakua na mpira mkononi ajue asimame wapi, lini aruke na lini atulie asipate faulo. Msimu wa kwanza alizuia mipira 3.8 kwa mechi, wa pili 4.5, wa tatu 4.2, na huo wa tatu akaongeza pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Mchezaji bora wa ulinzi wa Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima na DeJuan Blair. Timu ikafika nne bora Detroit, ikafungwa na Michigan State 82-73. Juni akachukuliwa namba 2 kwenye drafti na Memphis, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden (3) na Stephen Curry (7). Mtanzania wa kwanza NBA.

Kwaiyo Calhoun ndo alimharibu? Mbona NBA alifeli?

Hapa ndo kijiweni wanashikana mashati. Mi msimamo wangu huu hapa, usipoupenda andika wa kwako.

Kwenye sheria za vyuo, beki anaruhusiwa kusimama chini ya goli muda anaotaka. NBA hairuhusu, ukikaa kwenye boksi la chini ya goli zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu ni kosa. Sasa fikiria mtu wa futi 7 na inchi 3 aliyefundishwa miaka mitatu kuwa mlinzi wa geti, geti lenyewe siku moja linaondolewa, anaambiwa atoke nje akimbizane na watu wa futi sita. Calhoun alimjenga kwa ajili ya mchezo wa chuo kwa sababu kazi yake ilikuwa kushinda mechi za chuo. Hakukosea. Kosa, kama lipo, ni kwamba Thabeet alikuwa na mwaka mmoja zaidi wa kukaa na hakukaa, ila na wewe uambiwe unaenda namba mbili NBA na mamilioni ya dola yanakusubiri, utasema subirini nimalize semesta? Tusidanganyane.

Msimu wa kwanza NBA wastani pointi 3.1, Februari 2010 wakamshusha ligi ndogo. Alafu akazunguka Houston, Portland, Oklahoma City. Watu wanaandika "feli", mi naandika alianza kikapu na miaka 15 akacheza NBA misimu mitano. Okafor alitoka mikononi mwa kocha yuleyule, nafasi ileile, akawa mchezaji bora chipukizi wa NBA. Fundi yule yule, mbao tofauti.

Ile mechi ya nyongeza sita ilikuwaje?

Machi 12, 2009, robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, UConn na Syracuse. Muda wa kawaida sare, nyongeza ya kwanza sare, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ya sita ndo Syracuse wakashinda 127-117. Ilichukua masaa matatu na dakika arobaini na sita. Inaisha kule New York imeshapita saa saba usiku, kwetu Dar ni saa mbili asubuhi, watu wako kwenye daladala wanaenda kazini na Thabeet bado mechi yake ya jana haijaisha.

Wiki moja baadaye, mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa, Calhoun akalazwa hospitali Philadelphia, mwili umekosa maji. Timu ikacheza bila yeye ikashinda 103-47. Sijui mzee alijisikiaje.

Ni kweli alikuwa analipwa kuliko gavana?

Kweli, kuliko mtumishi yeyote wa jimbo lile. UConn ni chuo cha umma, yani kocha ni mfanyakazi wa serikali kama mwalimu wa Mbagala, tofauti ni kwamba huyu alikuwa anakula dola milioni 1.6 kwa mwaka. Februari 2009, uchumi umeanguka, jimbo lina madeni, mtu mmoja akamuuliza baada ya mechi kama atarudisha kidogo. Akafoka kwamba hata senti haitorudi, na kwamba programu yake inaingiza dola milioni 12 kwa chuo. Video ikasambaa kila kona. Gavana akaongea, wabunge wakaongea. Siku chache baadaye akashinda mechi yake ya 800 dhidi ya Marquette.

Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ile sauti! Kuna ukweli ukiusema kwa kufoka unageuka matusi.

Kashfa je? Nasikia alifungiwa

Ndio, tusimfanye malaika. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuta timu yake ilivunja sheria kwenye kumsaka kijana mmoja: simu na meseji kupita kiwango, na mtu wa nje aliyekuwa karibu na timu kumgharamia vitu kijana huyo. Hukumu ilitoka Februari 2011. Chuo kikawekwa chini ya uangalizi miaka mitatu na kupunguziwa skolashipu, na Calhoun mwenyewe akafungiwa mechi tatu za mwanzo za Big East msimu uliofuata, kwa kosa la kutosimamia watu wake.

Na hiyo ni moja. Mwaka 2013 chuo kikazuiwa kabisa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu alama za masomo za wachezaji wa miaka iliyotangulia zilikuwa chini, na miaka hiyo kocha alikuwa yeye. Alikuwa ameshaondoka, bili wakalipa madogo waliobaki. Hilo kwangu ndo doa kubwa kuliko la simu, mana simu ni za kocha na masomo ni ya vijana wenyewe.

Wakati hukumu imetoka Februari 2011, si ndo mwaka aliochukua ubingwa tena?

Wiki sita baadaye, ndio! Hapa hata mwandishi wa tamthilia angeambiwa anazidisha. Timu ilimaliza ligi 9-9, nafasi ya tisa. Kwenye mashindano ya Big East mtu wa nafasi hiyo anacheza kila siku, kwaiyo walihitaji kushinda mechi tano ndani ya siku tano. Wakashinda zote tano. Kemba Walker, kijana wa Bronx, akapiga pointi 130 kwenye hizo siku tano, na ile ya Pittsburgh alimrudisha nyuma beki mrefu mpaka akaanguka chini, alafu akatupa, muda umekwisha, watu wamechanganyikiwa. Kutoka hapo wakashinda sita za taifa, jumla 11 mfululizo.

Fainali yenyewe ilikuwa mbaya kuangalia, niseme ukweli, 53-41 dhidi ya chuo cha Butler, na hao Butler walitupa mara 64 wakaingiza 12 tu. Ila Calhoun alikuwa na miaka 68, kocha mzee kuliko wote kuwahi kuchukua hilo kombe. Timu imejaa madogo wa mwaka wa kwanza, wale ambao mwezi wa kumi hata kurudi kukaba hawajui.

Afya yake ilikuwaje?

Saratani ya tezi dume 2003, akafanyiwa upasuaji akarudi benchi baada ya wiki chache. Kisha saratani ya ngozi. Mwaka 2009 alianguka na baiskeli kwenye safari ya hisani akavunjika mbavu tano. Februari 2012 upasuaji wa mgongo, na Agosti hiyohiyo akaanguka tena na baiskeli akaumia nyonga. Mtu angemficha hiyo baiskeli.

Na yule kocha wa wanawake wa UConn?

Geno Auriemma, yuko pale tangu 1985. Mwaka 2004 wanaume na wanawake wa UConn walichukua ubingwa wote kwa pamoja, chuo cha kwanza kufanya hivyo. Habari za kwamba hawa wawili hawakupikika chungu kimoja zilijulikana jimbo zima. Majogoo wawili, kijiji kimoja.

Nipo Dar au Nairobi, nataka kuwa kocha wa chuo Marekani, naanzia wapi?

Njia ya Calhoun ya sekondari moja kwa moja huwezi kuipata. Wageni wengi wanaingia kama wachezaji kwanza, au wanafunzi wa masters wanaosaidia timu huku wanasoma. Bila masomo huingii, hilo sio la kujadili. Kama umri wa kucheza umepita, anza kufundisha hapohapo ulipo, rekodi mechi zako, jifunze kukata video. Na usiidharau sekondari, Calhoun mwenyewe alianzia huko.

Alistaafu lini?

Mara mbili. Ya kwanza Septemba 2012, akiwa na ushindi 873, timu akamwachia mchezaji wake wa zamani Kevin Ollie, ambaye alichukua ubingwa 2014 (na UConn wakaja kuongeza 2023 na 2024 chini ya Dan Hurley).

Alafu, akiwa na miaka 76, akarudi. Sio kwenye chuo kikubwa. Kuna chuo kidogo West Hartford, Saint Joseph, kilikuwa cha wanawake miaka yote, 2018 kikaanza kupokea wavulana na hakikuwa na timu ya kikapu ya wanaume. Daraja la tatu, ambako hata skolashipu za michezo hakuna. Mzee mwenye mataji matatu akaanza kutafuta vijana kwa simu, mmoja mmoja, chuo ambacho baba zao hawakuwahi kukisikia kama chuo cha wavulana. Msimu wa kwanza 16-12. Wa pili 26-3. Akaacha Novemba 2021, jumla ushindi 920, wa mwisho ukiwa kwenye kaukumbi kadogo ambako ukipiga chafya benchi la pili wanakusikia.